Yai Moja na Njia Panda ya Kaliua

Treni ya reli ya kati ikitoka Tabora kuelekea magharibi hupita Urambo, ikafika Kaliua, na hapo reli hugawanyika. Moja inanyoosha kwenda Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Nyingine inakata kushoto kwenda Mpanda. Ukishuka ukafuata mataruma hatua chache utaona mahali penyewe zinapoachana: vipande viwili vya chuma vilivyochongoka kama visu, vinavyosogea upana wa kiganja tu. Vikilala upande huu, behewa lako linakwenda Kigoma. Vikilala upande ule, utashukia Mpanda, na kelele zako za dirishani hazitarudisha kitu.

Nimeanza na reli kwa sababu jioni ya siku niliyoitazama njia panda ile, ndani ya miombo, nilionyeshwa nyingine inayokaa ndani ya kitu kisichozidi punje ya ulezi.

Mzee aliyenichukua amerina asali tangu ujana wake. Asubuhi tulisalimiana "Mwangaluka" kwenye uwanja wa nyumba yake, tukanywa chai, na saa nane mchana tukaondoka kwa baiskeli, mbung'o wakituandama mgongoni mpaka tulipoingia kivulini. Mizinga yake mingi ni ya magome, iliyofungwa kwa kamba na kuning'inizwa juu ya mitundu na miyombo. Tulingoja jua lilegee. Akawasha mwenge wa magome makavu na majani, akapanda, na baada ya kitambo mzinga ukaanza kushuka taratibu kwa kamba huku ukinguruma.

Aliufungua kwa nyuma, akapuliza moshi, akachungulia. Hakufurahi. Akaniita nisogee.

"Unaona hizi?" Katikati ya uso wa sega, miongoni mwa vyumba vidogo vya pembe sita, zilikuwa zimeota nyumba tatu kama karanga zisizomenywa, midomo imeelekea chini. "Zingekuwa pembeni, zinaning'inia ukingoni mwa sega, ningekwambia hawa wanataka kuhama. Zikiota katikati namna hii, wamefiwa. Malkia wao hayupo. Wanajitengenezea mwingine."

Moja ya zile karanga ilikuwa imepasuka wakati wa kushusha. Akaifungua kwa ncha ya kisu. Ndani, juu ya kitu cheupe kizito kama uji wa mchele, lilikuwa limelala buu moja lililojikunja. Alichovya ncha ya kidole katika ule uji akanipa nionje. Ni mchachu, unauma ulimi kama maziwa yaliyokaa mno kwenye kibuyu, wala hauna utamu hata kidogo. Nilitegemea asali.

"Huyu na hawa wa vyumba vidogo, mzee, mama yao mmoja?"

"Mama mmoja, mwanangu, na labda siku moja. Wamechagua tu. Wangemwacha alipokuwa angekuwa kibarua kama wenzake."

"Wangeweza kumchagua hata huyu mkubwa hapa?"

"Huyo amekwisha pita. Siku tatu zikishapita, akishakula chakula cha vibarua, hafai. Ukimlazimisha utapata kilema, malkia si malkia, kibarua si kibarua."

Hilo ndilo lililonirudisha kwenye vile visu vya chuma vya stesheni. Warina asali wa Unyamwezi wanajua kwa vidole vyao mahali reli inapoachana. Kilichobaki, na ambacho wanasayansi wamekipapasa kwa zaidi ya karne moja, ni kukijua kile chuma kinachosogea.

Tuseme kwanza ukubwa wa tofauti, maana tunaposikia "malkia" tunafikiria cheo, na hiki si cheo, ni mwili. Kibarua ana vikapu vya chavua kwenye miguu ya nyuma, ana tezi za kutoa nta, ana mwiba wenye vishikizo unaobaki kwenye ngozi yako na kumuua mwenyewe. Malkia hana vikapu, hana tezi za nta, na mwiba wake ni laini kiasi cha kuchoma na kuchomoa tena. Ovari za kibarua zimenyauka; za malkia zimejaa tumbo zima, na katika msimu mzuri huweza kutaga mayai zaidi ya 1,500 kwa siku. Kibarua wa msimu wa kazi huishi wiki sita hivi. Malkia huishi miaka. Viumbe wawili wasiofanana kwa umbo, kazi, wala urefu wa maisha, na ukizisoma DNA zao herufi kwa herufi hutaona mahali paliposemwa huyu awe malkia na yule awe kibarua. Yai lolote lililorutubishwa lina wote wawili ndani yake.

Huko ndani ya yai kuna nini? Ruhusa nikurudishe kwenye njia ya zamani. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mali yote ya upande huu ilipita mabegani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kila mmoja mzigo wa frasila mbili hivi, kilo zipatazo 32, toka pwani mpaka Ujiji. Nguo hazikubebwa zikiwa zimekunjuliwa. Zilikunjwa, zikashindiliwa, zikakazwa kwa kamba mpaka mtumba ukawa mgumu kama gogo. Ndiyo mitumba, neno ambalo leo tumeliachia nguo za mnadani. Na mkuu wa msafara hakufungua mitumba yote kila kambi. Akifika kwa mtemi anayedai hongo alifungua mtumba wa hongo peke yake. Wa shanga ulikuwa na siku yake, wa merikani siku yake, na ipo mitumba iliyofika Ujiji haijawahi kuona jua tangu Bagamoyo.

DNA ya seli moja ya nyuki kibarua, ukiinyoosha, ni uzi wa kama sentimita 16, karibu urefu wa kalamu ya wino. Ya binadamu inafika mita 2. Kiini cha seli kinachouhifadhi uzi huo hakifiki sehemu moja ya mia ya milimita. Haiwezekani kuingia bila kufungwa, na wafungaji ni protini ziitwazo histoni. Nane kati yao, mbilimbili za aina nne, hushikana kuwa kigurudumu kidogo. Uzi wa DNA unakizunguka mara moja na nusu na ushei, herufi 147, unatoka, unakwenda kukizunguka kingine, na kingine, hivyo hivyo kwa zaidi ya viringo milioni mbili katika seli ya nyuki mmoja. Picha za darubini ya elektroni zilipochapishwa mwaka 1974 watazamaji waliona shanga kwenye uzi. Neno hilo ndilo wanalolitumia hadi leo maabara, na kwa mtu wa Tabora si geni: shanga zilikuwa fedha ya njia hii.

Jina la histoni lilitolewa mwaka 1884 na Mjerumani Albrecht Kossel, aliyezipata katika chembe za damu ya bata bukini. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Mtemi Mirambo alifariki. Naye ndiye aliyekuwa ameishika njia hii ya misafara mkononi, na wilaya ya Kaliua yenyewe imemegwa kutoka Urambo yake. Hakuna uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili. Nimeyaweka pamoja kwa sababu husaidia kupima: habari ambayo kwetu ni mpya kabisa ina umri wa kaburi la Mirambo.

Kwa miaka themanini watu walidhani histoni ni kamba tu, kifungio. Mwaka 1964, mwaka wetu wa Muungano, Vincent Allfrey na wenzake mjini New York walionyesha jambo la kushangaza: histoni hubandikwa vipande vidogo vya kemikali, na pale kipande kiitwacho asetili kinapobandikwa, jeni husomeka kwa wingi zaidi. Wengi waliipa kisogo habari hiyo. Ilibidi kungoja mpaka 1996, David Allis na kikosi chake walipokipata kimeng'enya chenyewe kinachobandika asetili, tena walikipata ndani ya kijidudu cha seli moja cha majini, aina ile inayoogelea kwenye dimbwi lolote. Kilipolinganishwa, kikaonekana ni ndugu wa protini ya hamira iliyokwisha julikana kuwa inaamsha jeni. Hapo shaka ikaisha. Kifungio kilikuwa kufuli pia, lenye funguo zake.

Namna kufuli linavyofanya kazi si ngumu, na ni nzuri. Uzi wa DNA una chaji hasi. Histoni zina mikia inayochomoza nje ya kigurudumu, na mikia hiyo imejaa asidi amino iitwayo laisini, yenye chaji chanya. Hasi na chanya zinashikana, mtumba unakazana. Asetili ikikaa juu ya laisini, inaifuta ile chaji chanya. Mshiko unalegea, na protini nyingine zinazoitambua alama ile zinakuja kusaidia kufungua, na wasomaji wa jeni wanapata pa kuingilia. Kipo kimeng'enya cha kubandika, kipo cha kubandua, na asetili moja huweza kudumu dakika chache au saa chache tu kabla ya kung'olewa.

Methili ni ndugu yake mwenye tabia nyingine. Haifuti chaji. Maana yake inategemea imekaa wapi. Kwenye laisini ya nne ya mkia wa histoni iitwayo H3, huashiria jeni iliyo tayari kusomwa. Kwenye laisini ya tisa ya mkia huohuo, huashiria jeni iliyofungwa, na inaweza kurithiwa seli inapogawanyika, ili seli binti izaliwe ikijua ni mitumba ipi haifunguliwi. Ndiyo sababu seli ya ini huzaa seli ya ini, haiamki siku moja ikaanza kuota jino. Halafu ipo laisini ya 27. Hii ni kiti kimoja chenye wageni wawili wasioketi pamoja: asetili ikikaa, jeni hufunguka, methili ikikaa, jeni hufungwa. Mmoja akiwepo, mwingine hana nafasi. Nilipolielewa hilo niliviona vile visu vya reli mbele ya macho yangu.

Na vifaa hivi si vya nyuki peke yake. Mwaka 1969 wataalamu waliilinganisha histoni iitwayo H4 ya ng'ombe na ya njegere. Protini hiyo ina asidi amino 102. Kati ya mnyama na mmea, baada ya muda wote tangu njia zao zilipoachana, walikuta tofauti mahali pawili tu. Mahali pawili! Karibu kila kitu kingine katika ng'ombe kimebadilika kisilingane na njegere, lakini kufuli lile Muumba hakuruhusu liguswe. Mwenye kutaka kupiga magoti ana sababu hapa, hata kabla hatujarudi kwa nyuki.

Turudi. Mabuu yote, ya malkia na ya vibarua, hulishwa uji ule mchachu kwa siku tatu za mwanzo. Hutoka kwenye tezi za vichwani mwa nyuki walezi. Wengine huuita maziwa ya malkia. Baada ya hapo buu la kibarua hubadilishiwa, huchanganyiwa asali na chavua iliyochachushwa, ule mkate wa nyuki. Buu la malkia haliachishwi. Linaogelea ndani ya maziwa yale mpaka chumba kinafunikwa.

Mwaka 2008 kikosi cha Ryszard Maleszka huko Canberra, Australia, kilizima katika mabuu jeni inayohusika na kubandika methili kwenye uzi wa DNA wenyewe. Hawakubadili chakula. Mengi ya mabuu yale, ambayo yangekuwa vibarua, yakatoka na ovari za malkia. Mwaka 2011 watafiti wakaonyesha kwamba maziwa ya malkia yana asidi, kwa kifupi 10-HDA, ambayo katika seli za maabara huvizuia vimeng'enya vinavyobandua asetili kwenye histoni. Yaani chakula chenyewe kina kitu cha kumshika mkono mfutaji. Na mwaka 2018 zikachapishwa ramani za alama za histoni katika mabuu ya umri wa saa 96, siku nne. Kwa umri huo ramani za malkia na za kibarua zilikuwa zimekwisha achana, na tofauti kubwa ilikuwa kwenye asetili ya laisini ile ya 27, kile kiti cha wageni wawili.

Saa 96. Mzee wangu, ambaye hakuwahi kuiona maabara, alisema siku tatu.

Lipo moja ambalo lilinigeuza mawazo. Katika ramani zile, maeneo ya pekee yenye asetili yalionekana sana upande wa kibarua, kana kwamba ni ukibarua unaohitaji kuwashwa. Na mwaka 2015 watafiti wa Marekani walikuwa wametangulia kuonyesha kwamba asali na mkate wa nyuki vina kemikali ya mimea ambayo, mabuu yakilishwa, hupunguza ukuaji wa ovari. Maziwa ya malkia hayana kemikali hiyo. Kwa hiyo huenda tumekuwa tukiuliza swali kichwa chini. Tunauliza malkia anapewa nini. Yawezekana jibu ni kile anachonyimwa: anaepushwa na asali. Kiumbe kinachotaga wote wanaoitengeneza asali ya Tabora kimekuwa malkia kwa kutokuila utotoni. Naona hilo ni zuri kuliko hadithi yoyote ya chakula cha kifalme.

Nafasi ya kusema ikiwa hapa, niseme. Maziwa ya malkia yanauzwa katika vichupa kwa ahadi za maisha marefu. Mlo unaomrefushia nyuki maisha unafanya hivyo ndani ya buu la nyuki, katika saa zake, kwenye jeni zake. Wewe si buu. Tena kemikali inayogusa makufuli haya si ya kuchezea: valproeti, dawa ya kifafa inayojulikana hospitalini kwetu, iligunduliwa mwaka 2001 kuwa nayo huwazuia wabanduaji wa asetili, na madaktari huwa waangalifu sana nayo kwa wanawake wanaoweza kushika mimba, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto anayejengwa tumboni. Anayeitumia asiiache ghafla, azungumze na daktari wake.

Muda ndio siri ya jambo zima. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyofanywa kwa sisimizi-seremala wa Florida, ambao wana vibarua wa aina mbili, wadogo watafutaji na wakubwa wenye vichwa vya askari wasiohangaika kutafuta chakula. Watafiti waliwadunga wale wakubwa, wakiwa wachanga, kemikali ya kuwazuia wabanduaji wa asetili ndani ya ubongo. Askari wakatoka kutafuta chakula, na tabia hiyo ikadumu siku nyingi baada ya sindano moja. Lakini kuna dirisha la siku chache baada ya kuzaliwa. Likifungwa, sindano haifui dafu. Kibarua wa nyuki naye ana ratiba yake: kwanza husafisha vyumba, kisha hulea, kisha hujenga sega, hulinda mlango, na mwisho kabisa, akiwa na wiki tatu hivi, hutoka kwenda maua. Walezi wakiondolewa mzingani, baadhi ya watafutaji hurudi kulea, na alama za methili kwenye DNA ya ubongo wao zikapimwa mwaka 2012 zikaonekana zimerudi nazo. Njia nyingine zina kurudi nyuma. Ya buu haina.

Ningependa kuishia kwenye uzuri, lakini ukiwa Kaliua huwezi kuzungumzia makufuli haya ukanyamaza kuhusu malaria. Kimelea cha malaria kali kina jeni kama 60 za aina moja, kila moja ikiwa ni vazi tofauti la kuvishwa chembe ya damu aliyoivamia. Huvaa moja tu kwa wakati. Nyingine zote hukaa zimefungwa, na kinachozifunga ni methili kwenye laisini ya tisa ya histoni H3, kufuli lilelile. Mwili wa mtoto ukisha lijua vazi hili na kuanza kulipiga, baadhi ya vimelea wamekwisha fungua mtumba mwingine. Mama anayemkesha mtoto mwenye homa hana haja ya kuambiwa kwamba ni maajabu. Lakini ni maajabu, na sijui namna ya kuyasifu yale ya nyuki huku nikijifanya haya si ya mkono uleule. Naliacha hapo, kwa unyenyekevu.

Waislamu wa Tabora wana sura nzima yenye jina la nyuki, ya 16. Wakristo wanamkumbuka Samsoni na asali ndani ya mzoga wa simba. Wapo wanaopenda kukumbusha kwamba nyuki dume ana kromosomu 16, sawasawa na namba ya sura ile. Mimi hesabu za namna hiyo hazinikolei. Yai moja kubeba viumbe wawili, na uamuzi kuachwa katika midomo ya dada zake wanaomlisha, kunanitosha bila kutafuta ushahidi kwenye namba.

Jioni ile mzee hakurina. Mzinga wenye msiba hauguswi, alisema, utawamaliza. Alilirudisha lile sega taratibu, karanga mbili zilizobaki zikiwa salama, akafunga kifuniko, akaukaza kwa kamba na kuupandisha mtunduni kabla giza halijakamilika. Njiani tulipita kando ya shamba la tumbaku, na karibu yake rundo la magogo ya kukaushia majani, baadhi yake ya mitundu mikubwa kama ule tuliouacha nyuma. Hakusema neno. Alishuka baiskeli, akayatazama, akapanda tena.

Vitabu huandika kwamba malkia hutoka siku ya 16 tangu yai lilipotagwa, na kibarua siku ya 21. Nyuki wetu wa Afrika huwahi wote kidogo. Nilikwisha rudi Tabora mjini ujumbe ulipoingia kwenye simu, umeandikwa na mjukuu wake: "Babu anasema ametoka mmoja. Yule wa pili amechomwa ndani." Ndiyo desturi yao, wa kwanza kutoka huwachoma wenzake kabla hawajafungua mlango. Katika vyumba vidogo vya jirani, ndugu zao wa mayai ya siku ileile walikuwa wamebakiza kama siku tano.